Eleuterio Cintrón Maysonet na Ufukwe wa La Tinajita

Marehemu Eleuterio Cintrón Maysonet, ambaye wengi wenu mlimwita Tello, alizaliwa tarehe 20 Februari 1944 milimani Barranquitas, katikati ya kisiwa chetu, mtoto wa nne wa mzee Gumersindo na bibi Providencia. Bahari aliiona kwa mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na mmoja, na alisema alikasirika: kumbe kisiwa chote kimezungukwa na kitu kile na hakuna aliyemwambia.

Alisoma hukohuko hadi darasa la nane, kisha akajifunza ufundi wa majokofu Bayamón. Kuanzia 1965 hadi 2009 alitengeneza majokofu ya maduka na mikahawa kisiwa kizima. Akimaliza kazi alimuuliza mwenye duka swali moja tu: mama yako unampeleka kuogelea wapi?

Tarehe 5 Juni 1971 alifunga ndoa na Iluminada Rosado. Walijaliwa watoto wawili, Radamés na mimi, Nereida, ninayewasomea. Kila Julai alitupakia garini, pamoja na sufuria ya wali wa mbaazi, tukazunguka kisiwa kwa siku tatu. Kila mwaka ilikuwa lazima tupate ufukwe mmoja mpya. Mchanga hakuuangalia, aliangalia kina bibi wameweka viti wapi. Penye vijana na mbao zao za kuteleza kwenye mawimbi alipita tu. Akimwona bibi amekaa ndani ya maji, sahani mkononi, alisema tushuke, tumefika. Mwaka mmoja kule Isabela alikataa fukwe sita mfululizo, hadi Mama akamwambia, "Tello, wali unakauka, na mimi pia." Akaenda hadi wa saba. Ufukwe alioupenda kuliko yote ni La Tinajita, upande wa Cabo Rojo, tulioupata mwaka 1983.

Novemba 2021 figo zake zilishindwa kazi. Tangu hapo alisafishwa damu kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na mimi ndiye niliyempeleka na kumrudisha. Ijumaa tarehe 13 Oktoba 2023, tukiwa njiani kurudi nyumbani, aliniomba Jumapili nimpeleke La Tinajita. Ni mwendo wa saa mbili na nusu kwenda, na kurudi vivyo hivyo. Ningeweza kumwambia nimechoka, naye angeelewa. Badala yake nilisema, "Baba, pale wamepafunga. Kuna tajiri kanunua shamba la juu, kaweka geti."

Ningependa kuwaambia kwamba niliogopa asije akaanguka mchangani. Sikuogopa. Nilitaka kulala.

Nilidhani atasikitika kidogo, yaishe. Ni kama sikumjua baba yangu! Fukwe za kisiwa hiki ni za watu wote, na mtu wa kumfungia Tello Cintrón bahari hajazaliwa. Jumatatu, mirija ya mashine ya kusafisha damu ikiwa bado mkononi, alianza kukusanya sahihi za barua ya kuitaka serikali iliondoe geti hilo. Walianza wagonjwa wenzake, wakafuata wauguzi, kisha mtaa wetu, kisha parokia hii. Ninyi mlioketi hapa mlitia sahihi. Mlifika watu mia mbili na kumi na wanne. Padre wetu alitia mara mbili kwa hasira, ikabidi moja ifutwe.

Tarehe 20 Novemba alinikabidhi ile barua niipeleke posta. Ningeipelekaje? Niliifungia kwenye droo. Tangu siku hiyo, kila nilipokwenda kumchukua, swali lilikuwa lilelile.

"Wamejibu?"

"Bado, Baba."

"Watajibu tu. Watu mia mbili hawawezi kunyamaziwa."

Nilimjibu hivyo karibu mara hamsini. Kila asubuhi nilitoka kwangu nimeazimia kusema, na kila mara nilimkuta amevaa shati lililopigwa pasi, ana hamu ya habari, nikashindwa. Alikuwa amepata nguvu, hata madaktari waliona, na mimi nikajidanganya kwamba nimemsaidia.

Ijumaa tarehe 8 Machi aliniita karibu. "Neré, mimi sitafika," alisema. "Wewe usiwaachie hao." Nikamwahidi. Alifariki Jumapili tarehe 10 Machi 2024, saa nne asubuhi, nyumbani Bayamón, mkono wake mkononi mwa Mama.

Jumanne nilimweleza Mama yote. Akasema, "Iandike kwenye wasifu wake. Ichapishwe. Na usiisome harakaharaka." Sijathubutu kumuuliza kama amenisamehe.

Marehemu ameacha mjane, Iluminada, watoto wawili, wajukuu watatu, dada yake, Eduvigis, na watu mia mbili na kumi na wanne waliomwamini. Baba hakuwahi kumwelekeza mtu vibaya maishani mwake. Aliwaambia La Tinajita pamefungwa kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia. Hakuna geti pale, wala halijawahi kuwapo. Nawaomba radhi ninyi nyote, kwa kuwa yeye siwezi tena kumwomba.

Lala salama, Baba. Jumapili ile palikuwa wazi.