Binti Anayetema Kahawa

Kijiwe cha Benadetha kipo ubavuni mwa duka la Alhaji Masoudi, mjini Mbinga. Kina benchi moja la mbao, jiko la mkaa, birika jeusi na kigoda kibovu ambacho hakuna anayekikalia kwa hiari yake. Ikifika saa kumi jioni, mvua inyeshe isinyeshe, wateja wa kudumu ni watatu. Kuna Alhaji mwenyewe, anayeliacha duka lijilinde. Kuna Vitalis wa bodaboda, aliyebatizwa jina la Taarifa kwa kuwa habari humfikia kabla hazijatokea. Na kuna mzee Othmar, mwenye shamba la kahawa kule Matiri, ambaye wote humwita Baba Balozi. Jina hilo alijitakia. Tangu binti yake Edina aingie chuo kikuu kusomea uhusiano wa kimataifa, hakuna aliyeketi pale bila kuambiwa kwamba balozi yuko njiani. Alipohitimu, mzee akasema yuko Dodoma, ofisi nyeti, haitajwi tajwi.

Siku hiyo Taarifa alizima pikipiki na kuanza kabla hajakaa.

— Jamani, nimempeleka mtu Namswea leo. Kule kwenye chama cha ushirika kuna binti ana digrii yake nzima, na kazi yake ni kutema kahawa.

— Kutema vipi? aliuliza Alhaji.

— Anapangiwa vikombe mezani. Anachota kwa kijiko, anafyonza kwa kelele, fyuuu! Halafu anatema kwenye ndoo. Kutwa nzima. Na digrii yenyewe wala si ya kilimo. Yuko intanshipu.

Benadetha akashika kiuno.

— Mimi mtu akitema kahawa yangu hapa, namfukuza.

Baba Balozi aliangalia kikombe chake. Alimjua binti huyo. Alimjua tangu siku ya kwanza alipolia duniani. Siku tatu zilizopita Edina alimpigia simu: mafunzo yanaisha Ijumaa, chama kinamtaka abaki, naye anapapenda. “Lakini ukisema nirudi nyumbani nitafute kazi ya fani yangu, nitarudi, baba. Nasubiri neno lako.” Leo ilikuwa Alhamisi, na neno lenyewe alikuwa bado hajalitoa.

— Hiyo mimi naielewa, alisema Alhaji. Chuoni walichanganya orodha. Kuna binti mwingine aliyesomea kahawa, sasa hivi yuko ubalozini anatema chai mbele ya wageni.

— Hapana, Alhaji, fikiria kiusalama, alisema Taarifa. Wakubwa hawanywi kitu ambacho hakijaonjwa. Huyo anafundishwa kuonja sumu. Wanaanza na kahawa, mwakani supu.

— Sasa mbona anatema?

— Ndiyo maana bado yuko hai!

Walicheka mpaka Benadetha akamwaga maji jikoni, majivu yakaruka.

— Mimi nakwambia ni ule ulimi, Alhaji aliendelea. Wazungu wameupima, wameukatia bima. Hauruhusiwi kula pilipili wala kugombana na mume.

— Ulimi usiogombana? Huyo hata mimi namuoa, alisema Taarifa. Baba Balozi, wewe una mtoto msomi. Unasemaje?

Wote walimgeukia. Alikuwa na nafasi ya kusema, ikamponyoka.

— Huenda alifeli tu, alisema. Wakamtafutia pa kumshikiza.

Alipomaliza kusema hivyo alijiona mtu wa hovyo kabisa. Kahawa ya Matiri ndiyo iliyomlipia Edina shule, gunia kwa gunia, na leo yeye anaona haya mtoto kuishika.

Mama mmoja wa makamo, mwenye kapu mkononi na vumbi la safari kwenye kitenge, alikuwa amesimama pembeni akisubiri wanyamaze.

— Shikamoo mama, alisema Taarifa, akampisha kwenye benchi.

— Marahaba, mwanangu. Mimi ni Mama Hildegardi, natoka Namswea. Hapa ndipo kwa Benadetha?

— Ndipo. Karibu kahawa.

— Asante. Namtafuta baba mmoja, nimeambiwa jioni hukaa hapa. Mwanawe yuko kule kwenye chama chetu, sisi tunamwita Bibi Kijiko.

Taarifa alimkanyaga Alhaji mguu.

— Yule anayetema?

— Ateme mara mia, mwanangu! Miaka sita kahawa yangu inaambiwa mbovu, na hakuna aliyeniambia ubovu wake. Yule mtoto alionja, akakunja uso, akaniuliza, “Mama, nyumbani unahifadhi samaki?” Nikashtuka. Mkwe wangu wa Mbamba Bay hunitumia usipa wakavu, mimi magunia ya usipa na ya kahawa nayalaza chumba kimoja. Kumbe kahawa inavuta harufu! Hakunicheka. Alipanda kilima kwa miguu mpaka kwangu, tukahamisha magunia pamoja. Msimu huu kahawa yangu imepita, imesifiwa mbele ya watu. Nililia pale pale mezani.

Alhaji alipiga jicho dukani kwake, usipa walikorundikwa juu ya mifuko ya kahawa anayomuuzia Benadetha, akaamua kukohoa.

Mama Hildegardi alitoa pakiti kapuni.

— Hii ni ya shambani kwangu, kaikaanga yule mtoto mwenyewe. Huniambia kila akionja iliyo nzuri, hujiuliza kama baba yake angeipenda. Nikasema nitampelekea mwenyewe, nimshukuru kwa kuzaa. Ni nani kati yenu?

Alhaji alitikisa kichwa. Taarifa, ambaye mwanawe ana miaka mitatu, alitikisa zaidi. Baba Balozi alisimama, akavua kofia.

— Ni wangu, mama. Anaitwa Edina. Na hajafeli chochote.

Taarifa alifungua mdomo.

— Si yuko Dodo...

— Nyamaza unywe, alisema Benadetha, ambaye tayari alikuwa amepokea pakiti na kuosha birika mara mbili.

Kahawa ilipoiva, wakanywa. Baba Balozi alimshika Mama Hildegardi mkono kwa mikono yake miwili, akasema asante, akairudia. Kisha akatoa simu na kuweka spika, ili wote wasikie.

— Edina, mwanangu. Mama Hildegardi yuko hapa. Nimeinywa.



— Baba! Ina ladha gani?

Mzee alionja tena. Akawatazama wenzake.

— Chungu, alinong'ona Alhaji.

— Ya moto, alisema Taarifa.

Benadetha, miaka kumi na moja kwenye birika, alitazama pembeni.

— Baba, upo?

— Nipo, mwanangu. Nimelima kahawa miaka arobaini, na ladha yake siijui. Nilikuonea aibu, na hukustahili. Baki huko. Jumamosi nakuja, unifundishe.