Method Mrutu, Aliyeizuia Ndege ya Jeshi Isitue Same

Tarehe 30 Juni 1984, Ndugu Method Mrutu anastaafu baada ya kuutunza uwanja wa ndege wa Same kwa miaka ishirini na miwili na miezi mitano. Alianza kazi Februari 1962, Uhuru ukiwa na miezi miwili, akiwa na fyekeo, jembe na jozi moja ya viatu alivyovivaa siku za ukaguzi tu. Wakubwa wa Idara ya Ujenzi wameniomba mimi, Tumainieli, karani wa ofisi hii tangu 1965, niandike wasifu wake. Wangejua nilivyomwonea wivu mtu huyu, wangemwomba mwingine.

Ndugu Method alizaliwa Vudee mwaka 1929, akasoma hadi darasa la nne, kisha akapalilia mkonge miaka kumi kabla ya kuja kwetu. Kila asubuhi aliutembea uwanja kutoka mwisho hadi mwisho, akiokota mawe, akifukuza mbuzi na kuziba mashimo ya ngiri. Ndege zenyewe hakuzijali. Mkaguzi mmoja alipomuuliza ni ndege ya aina gani iliyotua jana yake, alijibu, "Nyeupe." Jibu hilo lilichekwa ofisini mwaka mzima.

Mimi nilizijali. Nilikuwa na daftari nililobandika picha za ndege za kijeshi kutoka magazetini, hasa za nchi ndogo na changa kama yetu. Nilijua Wahabeshi wana jeti, na kwamba Ghana, Zambia, Kenya na sisi wenyewe tunarusha ndege moja ya mizigo iitwayo Karibuu, yenye injini mbili na mlango mkubwa chini ya mkia. Nchi nyingine nilizijua kwa mabawa ya ndege zake kabla sijajua miji yake mikuu. Lakini dirisha langu lilitazama yadi ya malori, na aliyelipwa kusimama uwanjani siku nzima alikuwa Method.

Aprili 1968 mvua za masika zilizidi, na tambarare ya Ndungu ikafurika. Watu walilala juu ya matuta ya mashamba yao ya mpunga. Asubuhi moja ikapigwa simu kutoka Moshi: Karibuu ya jeshi inaleta mahema na unga, je, uwanja wa Same unafaa?

Method alikuwa amesimama mlangoni, matope hadi magotini.

"Ndugu Tumainieli, waambie wasije leo," alisema. "Kalvati la katikati, linalopitisha maji chini ya uwanja, limeliwa na maji kwa chini. Juu pazuri, ndani hakuna kitu."

"Umepaona ndani?"

"Nimepiga jembe. Panaitika kama ngoma."

Nilikuwa nimeingoja ndege ile miaka mitatu. Nikamwambia kazi ya simu ni yangu. Nikawajibu watu wa Moshi kwamba uwanja unafaa.

Method hakubishana. Alikwenda nyumbani, akachukua khanga nyekundu ya mkewe, Mama Raheli, akarudi kusimama katikati ya uwanja. Ndege ilipotokea juu ya vilima ilikuwa nzuri kuliko picha zangu zote. Ilishusha magurudumu, ikaja chini kabisa, ikamwona mtu anapunga khanga, ikanguruma na kupanda tena. Ilizunguka mara mbili. Mara mbili Method hakusogea. Mwishowe ikageuka kurudi Moshi, nami nikaona nimeibiwa kitu changu.

Jioni ile niliandika taarifa kwa mkuu wetu wa ujenzi, Ndugu Kassimu. Niliandika kwamba mtunza uwanja ameizuia ndege ya serikali bila idhini, na wananchi wa Ndungu wamekosa chakula kwa sababu yake. Sikuandika habari ya kalvati. Sikuandika habari ya simu. Siku zile taarifa kama hiyo iliweza kumfikisha mtu mbali sana na nyumbani kwake.

Mizigo ililetwa kwa malori, ikachelewa siku mbili. Pamoja nayo akaja rubani mwenyewe, Kapteni Salimu, kumtafuta mtu wa khanga. Wakati huo Method alikuwa amesimama mbele ya meza ya Ndugu Kassimu akihojiwa. Alijibu maneno machache tu: "Aende mtu akakanyage pale."

Alikwenda Kapteni. Alipofika katikati akakanyaga kwa nguvu mara tatu, na mara ya nne mguu ukazama hadi pajani. Ilibidi avutwe na watu wawili. Alikaa chini akitazama lile tundu, akasema, "Tulikuwa watu sita ndani ya ndege." Akampa Method mkono, na hakuuachia upesi.

Akauliza ni nani aliyesema kwenye simu kwamba uwanja unafaa. Method alikuwa pembeni yangu. Alisema asubuhi ile simu ilikuwa mbovu, watu hawakusikilizana.

Kalvati lilijengwa upya mwezi wa tano, na Method ndiye aliyesimamia. Mwezi wa sita Karibuu ikatua. Watu wa Same walisikia "karibu", wakaona ni jina la heshima. Kapteni alimtaka Method apande, akamruhusu amchukue mwenzake mmoja. Tulikuwa wafanyakazi kumi na wawili tumejipanga kwa mstari. Method alinijia mimi.

"Twende, Ndugu Tumainieli. Wewe ndiye unayezijua."

Nilimwambia nina barua za kumaliza. Hazikuwepo. Nilishindwa kupokea kutoka mkononi mwake kitu nilichokitaka kuliko chochote. Akaenda na Asheri, dereva wa lori, aliyepanda huku akiomba kwa sauti. Ndege iliruka kwa umbali mfupi usioaminika, ikapita juu ya Vudee, ikashuka upande wa Ndungu, ikarudi baada ya nusu saa. Nilimngojea Method kwenye ngazi nikitaka kujua yote: injini, sauti, vyombo vilivyo mbele ya rubani.

"Wakati wa kupaa nilifumba macho," alisema. "Juu ya Vudee nikafumbua. Nimeona shamba langu. Ni dogo."

Basi. Sikulala vizuri wiki nzima. Ndege nyingine za jeshi zimetua Same tangu hapo, hata wakati wa vita vya Kagera. Hakuna aliyenipa nafasi tena.

Baada ya hapo Ndugu Method aliendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwaka 1974 alichaguliwa mfanyakazi bora wa wilaya. Aliwafundisha watunza uwanja wa wilaya nyingine mbili. Katika miaka yake yote hakuna ndege iliyoharibika katika uwanja wake.

Mwezi uliopita nilikwenda kwake kuuliza tarehe za wasifu huu, nikamweleza habari ya taarifa niliyoiandika. Alikuwa anamenya tangawizi. Hakuacha.

"Nilijua. Ndugu Kassimu alinisomea yote, hadi sahihi yako."

"Mbona hukusema neno?"

"Nilikasirika, bwana. Nilikasirika mpaka mwezi wa sita. Halafu nikachoka, nikaona nikupe kile kiti, yaishe." Akaikata tangawizi vipande viwili. "Ukakikataa."

Amenikubalia niyaandike haya, mradi nisimsifu kupita kiasi. Kama bado yana adhabu, ofisi inajua ninapokaa.

Ndugu Method, wafanyakazi wenzako tunakushukuru kwa kila asubuhi uliyoutembea uwanja ule sisi tukiwa bado vitandani. Tunakuombea wewe na Mama Raheli afya njema, mvua za kiasi na wajukuu wengi huko Vudee. Wivu wangu haujaisha, umehamia pengine tu. Wewe unatoka kazini leo, na katika ofisi nzima hakuna hata mtu mmoja unayeona haya kumtazama usoni.