Kigugumizi Nilichomwibia Kaka Yangu

Assalaam alaykum, wazazi wangu na ndugu zangu. Bi Mwalimu, mwenye mkutano wetu huu, kaniambia nipite mbele, lakini kama hamtojali nitasimama hapa hapa karibu na dirisha. Miaka mingi nimesimama mbele ya watu, lakini si mbele ya watu niliowakosea.

Baadhi yenu mlinijua tangu siku ya kwanza nilipokuja kusikiliza. Leo tena nimemwona bwana mmoja pale nyuma akimgusa mwenziwe. Ndiyo, ni mimi. Mimi ndiye niliyekuwa Bwana Kwakwa kwenye televisheni. Na najua humu ndani wamo watu walioitwa jina hilo njiani, wakitoka zao msikitini au sokoni, wakacheka pamoja na waliowacheka kwa sababu hawakuwa na la kufanya. Mimi sina kigugumizi, kwa hiyo sikuja hapa kama mwenzenu. Nimekuja kama mtu aliyekula kwa kigugumizi cha watu, na wa kwanza wao ni kaka yangu.

Kaka leo hakuja. Nilimwomba ruhusa niyaseme haya, akanipa kwa sharti moja, kwamba nisitaje jina lake. Basi sitolitaja, na langu naliacha vile vile.

Sisi ni watoto wa huku huku Pemba, wa Ole. Baba alifariki nikiwa darasa la pili. Kaka akaacha skuli, akashika konde na mikarafuu michache tuliyoachiwa, ili mimi nisome. Mnaijua hali yake, sina haja ya kuwaeleza sana. Akitaka kusema na mtu asiyemzoea hufumba macho, akajipiga paja kwa kiganja cha kulia, mara tatu, mara nne, na kinywani inatoka kwa, kwa, kwa, mpaka neno lifunguke. Nyumbani tulikuwa tunamngoja tu. Hakuna aliyeona ajabu. Lakini akisoma Kurani hakwami, na akiimba kasida hakwami hata herufi moja. Mimi kuimba nimefundishwa na yeye, tukianika karafuu uani, yeye akianza na mimi nikipokea.

Nilipomaliza skuli nikaenda Unguja, nikaingia kundi la maigizo ya nyimbo, yale ambayo hadithi nzima inaimbwa na kuchezwa jukwaani. Sauti nilikuwa nayo, lakini kwa miaka mitatu nilikuwa mtu wa safu ya nyuma, kazi yangu kuitikia. Halafu likaja igizo jipya la kupelekwa Dar es Salaam, na wakatafuta mtu wa kuigiza mwenye duka. Siku ya usaili wenzangu waliotangulia walikuwa wazuri kunishinda. Zamu yangu ilipofika nikamwona mwongozaji anaangalia simu yake. Basi nikafumba macho, nikajipiga paja, nikasema, "Kwa, kwa, kwani yakhe, wataka n'ni?"

Mwongozaji akaiweka simu chini. Chumba kizima kikacheka.

Ndugu zangu, nawaambia kweli, wakati ule kaka hakunijia akilini hata kidogo. Alinijia baadaye, nikiwa njiani kurudi nilikopanga, na nikamwondoa kichwani kama mtu anavyofukuza nzi.

Dar es Salaam walinipenda. Mwongozaji akaniongezea wimbo, na katika wimbo ule nikawa nakwama kila mstari, wapiga ngoma wananisubiri, watu wanashika mbavu. Na hapo ndipo nilipozidi, kwa sababu nilijua fika kuwa kaka yangu akiimba hakwami. Lile jambo moja ambalo Mungu alimwachia likiwa zima, mimi nililivunja kwa mkono wangu ili watu wacheke zaidi.

Kutoka jukwaani nikachukuliwa kwenye tamthilia ya televisheni. Mwenye duka akapewa jina, Bwana Kwakwa, akapewa kofia iliyokaa upande, na akafanywa Mpemba. Nikawa mtu wa kupigwa picha barabarani. Nikanunua televisheni kubwa nikaipeleka nyumbani kwa mama, ili waniangalie. Fikirini hilo. Majirani wakawa wanajaa ukumbini kwetu kila kipindi kikianza, na kaka anatoka kwa mlango wa uani.

Siku moja mama akanipigia simu. Akasalimia, akauliza afya.

"Mwanangu," akasema, "yule mtu unayemwiga, mie n'namjua."

"Mama, ule ni mchezo tu."

"Mchezo wa nani? Kakako sasa hendi dukani. Akitaka kitu anamtuma mkewe. Barazani pia hendi. Wanamwita jina lile."

Nikamwambia watu watachoka wenyewe, ampe pole. Nikamwambia niko kazini, wananisubiri. Ilikuwa kweli, walikuwa wananisubiri. Nikaenda nikafumba macho nikajipiga paja.

Haukupita mwaka, mwongozaji wa tamthilia akataka vipande viwili vipigwe Pemba, Bwana Kwakwa arudi kwao. Nikasema twendeni kwetu, nyumba ipo, konde lipo. Nilitaka waone ninavyopokewa. Tukafika Ole na magari mawili na vyombo vyetu. Tulipopita penye baraza, watu wakapiga kelele, "Kwakwa, Kwakwa." Nikatoa mkono dirishani nikawapungia. Hakuna aliyenipungia. Nikageuza kichwa kuona wanamwangalia nani. Alikuwa kaka yangu, ndiyo kwanza anatoka konde, na anapita upande wa pili wa njia akiwa ameinamisha kichwa.

Nyumbani nikamfuata uani kumpa mkono. Akanipa wa kushoto.

Mnajua maana yake, mtu kukupa mkono wa kushoto. Nikachukia. Nikajisemea, huyu ananidharau mbele ya wageni wangu. Nikaingia jikoni kwa mama nikamlalamikia. Mama alikuwa anakuna nazi. Aliacha kukuna.

"Hukuona mkono wake wa kulia?" akaniuliza. "Alianguka mkarafuuni msimu uliopita."

"Mbona hamkuniambia?"

"Alikataa usiambiwe."

Ndipo akanisimulia. Kaka alikwenda kituo cha afya peke yake, ameushika mkono uliovunjika. Pale dirishani akaulizwa jina. Akafumba macho, akaanza. Wale waliokuwa nyuma yake kwenye foleni, watu wazima, wagonjwa kama yeye, wakacheka. Mmoja akammalizia, "Kwani yakhe, wataka n'ni?" Foleni yote ikacheka. Kaka akageuka, akarudi nyumbani na mkono wake uliovunjika. Akafungwa vitambaa na mtu wa hapa hapa, mkono ukaunga vibaya. Haunyooki. Kile kiganja alichokuwa akijipiga nacho paja hakifiki tena pajani. Mimi cha kwangu kilikuwa kinafika, kila wiki, na watu wanaona.

Mngetegemea niseme kuwa pale pale nililia na kuwafukuza wageni. Sikufanya hivyo, na hili ndilo linalonichoma zaidi. Nilitoka jikoni na mwongozaji akanijia, amemwona kaka. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Huyu ndiye mwenyewe? Tukimweka mkae pamoja mbele ya duka, itakuwa kitu kikubwa." Na mimi nikaenda kumwuliza. Nimetoka kusikia habari ya mkono sasa hivi, na nikaenda kumwuliza kaka yangu kama atakubali kupigwa picha.

Alikuwa amekaa kwenye kibao anamenya muhogo kwa shida, kisu mkono wa kushoto. Nilipomaliza kusema akanitazama. Akafumba macho. Ilichukua muda mrefu. Nilikuwa nimeshasahau kungoja, miaka yote ile nilikuwa nikijua tu pa kukata ili watu wacheke. Halafu neno likatoka.

"Mie n'likukosea n'ni?"

Hakuwa amekasirika. Alikuwa anauliza, anataka kujua. Kama lipo alilonikosea zamani, nikiwa mdogo, nimwambie.

Nikarudi kwa mwongozaji nikamwambia hapa hatupigi picha. Tukaondoka. Vipande viwili vile vikapigwa kijiji kingine, na mimi nilicheza, kwa kuwa nilikuwa nimetia saini na pia kwa kuwa nilikuwa mwoga.

Lakini tulipokwenda tena jukwaani Dar es Salaam na lile igizo la nyimbo, wimbo wangu ulipofika nilifungua mdomo nikashindwa kukwama. Nikauimba moja kwa moja, kwa sauti nzima, kama nilivyofundishwa uani kwetu. Watu wakangoja wacheke, hawakupata pa kuchekea. Wengine wakazomea. Nyuma ya pazia mwongozaji wa jukwaa akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia Bwana Kwakwa siwezi tena, nipeni mtu mwingine yeyote nimwigize. Akanijibu kwa upole, "Lakini sisi tulikuchukua kwa ajili ya huyo." Na alisema kweli. Katika miezi iliyofuata nilikwenda kila mahali nilipojulikana, na kila mahali walimtaka yeye, hawakunitaka mimi.

Nikarudi Ole na begi moja. Mama alinipokea. Kaka hakunikataa, ila hakusema na mimi. Miezi mingi tulifanya kazi pamoja konde, mimi nikipanda mikarafuu kuchuma, yeye akipokea chini, bila maneno. Siku moja nikamwambia, twende hospitali kubwa waukague mkono. Nilidhani atakataa. Kesho yake asubuhi nikamkuta amevaa kanzu safi, anangoja mlangoni.

Pale dirishani akaulizwa jina. Akafumba macho. Nilikuwa nimesimama ubavuni kwake, na jina lake lilikuwa limejaa kinywani mwangu, nilitaka kulisema mimi ili yaishe haraka. Nikaumeza ulimi wangu. Yule mwandikishaji alikuwa binti mwenye subira, akangoja na kalamu yake. Nyuma yetu mtu akaanza kuguna kicheko, kisha akanitambua. Akasema, "Kumbe Kwakwa mwenyewe huyu. Hebu tuoneshe kidogo."

Nikageuka. Foleni yote inaniangalia. Nikasema, "Huyu hapa ni kaka yangu. Yale yote nilimwibia yeye. Mwacheni aseme jina lake."

Safari hii hakuna aliyemmalizia. Kaka akasema jina lake lote, lake, la baba na la babu. Daktari alituambia mkono hautorudi ulivyokuwa, ila kwa mazoezi utapungua kukaza. Mazoezi yale tunafanya pamoja kila baada ya Alfajiri. Tulipotoka hospitali aliniuliza kama nina njaa. Ndilo neno la kwanza aliloniambia tangu nirudi.

Ninawashukuru. Namshukuru mama yangu, aliyenipokea bila kunipunguzia ukweli. Namshukuru yule binti wa dirishani, nisiyemjua. Namshukuru Bi Mwalimu, aliyeanzisha mikutano hii. Nilipomwendea mara ya kwanza nikisema nataka kuwaombeni radhi, aliniambia nije nikae nisikilize kwanza mara tatu, nifunge mdomo. Nimekaa mara tatu. Nimewasikia. Sasa nawaomba radhi, mmoja mmoja na nyote, na wazazi mlioleta watoto wenu hapa kwa sababu ya maneno yaliyotoka kwangu.

Nimeanza kuigiza tena, nafasi ndogo ndogo. Fundisho nililolipata ni dogo na nimelipata kwa kuchelewa. Kabla sijachukua sauti ya mtu, au mwendo wake, au kilema chake, nakwenda kumwuliza, na akikataa naacha, hata kama dunia nzima ingecheka.

Kaka yangu bado hajaniambia kuwa amenisamehe. Mwanzoni nilikuwa namwuliza, leo, kesho, kila tukikaa. Sasa nimeacha, maana niliona kuwa kumwuliza vile ni kumharakisha. Atasema akiwa tayari, na kama atachukua miaka, mimi nipo, nangoja.

Ahsanteni kwa kunivumilia.