Mzee Ngoja na Gari la Mwalimu

Baada ya miaka ishirini na tisa na miezi minne katika karakana yetu, fundi wetu wa umeme wa magari anastaafu rasmi Ijumaa hii. Sote tunamwita Mzee Ngoja, na wapo waliofanya naye kazi miaka mingi bila kulijua jina lake jingine. Ofisi ya utumishi imeniomba mimi wa mapokezi niandike habari zake kwenye kijitabu cha sherehe, kwa kuwa meza yangu imetazamana na mlango wake kwa miaka kumi na moja. Waliniambia niandike mambo ya kuchangamsha. Nitajaribu, ingawa moyo wangu ni mzito.

Alianzia chumba cha kuchajia betri, na ovaroli yake ilitobolewa na tindikali hadi mkewe akakataa kuifua pamoja na nguo za watoto. Miaka minne baadaye akahamia kwenye nyaya, na huko ndiko alikojijengea jina. Hilo la Ngoja alilipata kwa sababu ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila mteja, kila meneja, na hata kwa kengele ya chakula.

Wakongwe bado wanacheka kisa cha pini. Bwana mmoja alileta gari linalounguza fyuzi kila siku, na mafundi wa nje walishashindwa. Mzee Ngoja alichokonoa tundu la kuchajia simu akatoa pini ya nywele, akamkabidhi mke wa yule bwana kwa adabu zote. Mama yule aliigeuzageuza, akasema si yake. Tangu siku hiyo kila alichokiokota ndani ya gari kilitiwa kwenye bahasha iliyofungwa na kupewa mwenye gari peke yake.

Alikuwa na utaratibu wake. Alisema gari lenye hitilafu ya umeme hujifanya limepona likishamwona fundi, kwa hiyo hakulitoa mpaka alipime asubuhi tatu mfululizo. Kwenye usukani alifunga kadi nyekundu iliyoandikwa BADO. Kadi hiyo aliikata yeye tu, na hata meneja hakuigusa.

Miaka sita iliyopita, mwanzoni mwa mvua, mwalimu mmoja wa kike alituletea gari dogo la juu, la aina ile inayopita kwenye mashimo bila kukwaruza tumbo, lililokwisha kutumiwa na watu wawili kabla yake. Alilinunua kwa sababu moja: baba yake alikuwa akisafishwa figo mara mbili kwa wiki, na hospitali ilikuwa mbali. Gari lenyewe lilikuwa na vituko. Betri iliisha kila likilala, taa za dashibodi ziliwaka zote kwa mpigo, vioo vilishuka vyenyewe, na lilizimika barabarani lilipojisikia.

Mzee Ngoja alilala chini ya dashibodi siku mbili. Alikuta kengele ya wizi iliyofungwa na mwenye gari wa zamani, nyaya zake zimesokotwa tu na kuviringishwa plasta. Akaing'oa yote, na betri ikaacha kuisha. Lakini kwenye sanduku la fyuzi aliona kutu ya kijani, akashuku kwamba maji ya mvua yanapenya kwenye kioo cha mbele na kukata umeme wa pampu ya mafuta. Akasafisha, akafunga kadi yake, akasema kesho atalimwagia maji kwa mpira ahakikishe. Kesho hiyo alipata habari za msiba wa kaka yake, akaondoka.

Uwanja ulikuwa umejaa magari, wakaguzi walikuwa njiani, na mwalimu alipiga simu mara tatu. Nikaliwasha lile gari, likaitika mara moja. Nikaikata kadi, nikaandika kwamba liko tayari, nikamkabidhi mwalimu funguo. Alinishukuru sana, na mimi nikajiona mjanja.

Keshokutwa yake mvua ilinyesha kweli kweli. Gari lilizimika katikati ya safari, baba akiwa kiti cha nyuma. Walikaa humo karibu saa nne, na walipofika hospitali zamu yake ilikuwa imepita, akapangiwa siku ya pili. Mzee wa watu alifariki alfajiri. Daktari alisema moyo ulishachoka na huenda ingekuwa hivyo hivyo, lakini hakuna ajuaye.

Mwalimu alikuja karakana, akasimama mbele ya Mzee Ngoja, akamwambia kwamba alimwamini. Hakupaza sauti. Mzee Ngoja alimpa pole, akamwita mwanangu, akasema gari lilikuwa mikononi mwake. Mimi nilikuwa palepale mezani, na sikufungua kinywa.

Alipewa barua ya onyo. Mwaka uliofuata usimamizi wa karakana, alioungoja muda wote huo, ulikwenda kwa mwingine. Nilijidanganya kwamba labda hajui, kwamba alidhani kadi ilikatwa na yeyote tu. Kila asubuhi alinisalimu na kuniuliza hali ya mwanangu.

Wiki iliyopita nilipewa faili lake nichambue mafanikio. Humo nimekuta maelezo aliyoandika kwa mkono wake wakati ule. Anasema alinipigia simu kutoka msibani, akaniagiza niikate kadi na kulitoa gari. Simu hiyo haikupigwa. Mtu ambaye hakuwahi kumdanganya mteja hata kuhusu balbu alidanganya kwa ajili yangu, kisha akakaa na onyo langu miaka sita.

Jumatatu nilimpelekea meneja maelezo yangu. Juzi nilikwenda kwa mwalimu. Hakunikaribisha ndani, lakini alinisikiliza mlangoni hadi mwisho, akauliza sherehe ni saa ngapi.

Mzee wangu, ahsante kwa miaka yako yote. Wenzako wote tunakuombea mapumziko yenye afya na utulivu, wewe na mama. Najua kijitabu hiki utakisoma kabla ya hotuba, na najua utasimama useme kwamba ile simu ulinipigia. Nakuomba usiseme.