Mwambie Naumwa

Jina la Bwana litukuzwe, ndugu zangu. Mke wangu Mama Eliya, ambaye mnaijua sauti yake kwenye kwaya, alikaribia kufa kwa jino moja, kwa sababu aliulizwa swali akalijibu kwa imani. Ameketi pale nyuma. Kabla ya kusimama nilimwomba ruhusa, naye amekubali niseme yote.

Nirudi nyuma kidogo. Mnakumbuka mguu wake ulivyovimba, damu ikaganda ndani. Daktari wa Handeni alimwanzishia vidonge vya kuzuia damu isigande, akamwambia asiache kuvinywa na awe anakwenda kupima damu. Sisi hapa Sindeni tukaomba pamoja nanyi. Uvimbe ukaisha. Mama Eliya akasimama hapa hapa, akasema, "Sina ugonjwa tena," nanyi mkaitikia amina. Tangu siku ile vidonge alivinywa jikoni, kimya, na neno "naumwa" hakulitamka. Aliona kulitamka ni kumrudishia Mungu zawadi yake.

Tulikwenda Mnyuzi kumsalimia mdogo wake. Huko jino likamuuma hadi shavu likajaa, tukaenda kliniki ya meno Korogwe. Nilitoka kutafuta maji ya kunywa, kwa hiyo mazungumzo haya nilisimuliwa baadaye. Daktari wa meno, binti mwenye adabu, alimwuliza:

"Shikamoo, mama. Una presha? Sukari? Kuna dawa yoyote unatumia?"

"Marahaba, mwanangu. Sina ugonjwa. Yesu ameniponya."

Binti akang'oa jino.

Niliporudi, damu ilikuwa inatoka. Aling'ata pamba, ikalowa. Akashonwa, damu ikapita kwenye nyuzi. Kanga ilikuwa imelowa kifuani na macho yake yameanza kulegea. Daktari akanigeukia.

"Baba, mama anakunywa dawa gani?"

"Vidonge vya damu. Vya Handeni."

"Vinaitwaje?"

"Sijui, mwanangu. Viko kwenye begi, Mnyuzi."

Akachukua simu yake mwenyewe, akauliza huyu na yule mpaka akampata yule daktari wa Handeni. Akaweka spika ili aendelee kukandamiza fizi.

"Dada, mimi sikujui," sauti ikasema. "Habari za mgonjwa siwezi kumpa mtu tu kwenye simu. Nipe mwenyewe."

Nilikasirika, ndugu zangu. Mtu anatokwa na uhai, yeye anauliza nani ni nani. Leo namshukuru hata kwa hilo, maana siri ya mke wangu aliilinda kama ya mama yake. Simu ikasogezwa mdomoni kwa mgonjwa.

"Mama, mara ya mwisho uliniletea nini?"

"Machungwa," akasema, na pamba mdomoni.

"Yalikuwa matamu?"

"Ulisema makali."

"Ni yeye. Mama, nimwambie huyu dada habari zako?"

Akanitazama mimi, akatazama ukuta. Nilijua anawaona ninyi, na amina yenu. Kisha akasema, "Mwambie. Mwambie naumwa."

Basi watu wawili ambao hawajawahi kuonana wakazungumza juu yake: jina la dawa, kipimo chake cha mwisho, sindano ya kumpa. Tukakimbizwa hospitali palepale mjini. Kabla jua halijazama, damu ilikoma.

Ndugu zangu, sisemi Mungu hakumponya mguu. Nasema Mungu yuleyule aliweka vidonge mkononi mwa daktari mmoja na koleo mkononi mwa mwingine, na hakuwapa hao wawili njia nyingine ya kujuana ila kinywa chetu. Mwamini Bwana kwa moyo wote. Na ukiulizwa kwenye kiti cha meno unatumia dawa gani, itaje. Hujamkana.

Namshukuru Mungu, nawashukuru wale wawili. Lakini mtuombee. Jino la upande wa pili limeanza kuuma, na yule binti wa Korogwe amesema hataligusa mpaka azungumze na Handeni. Juzi tulikwenda kumtafuta daktari wetu, tumebeba machungwa. Tukaambiwa amehamishwa. Aliyeshika nafasi yake ni mgeni, na hajawahi kuisikia sauti ya Mama Eliya.