Historia ya Mama Emérence Kanyere, Aliyehesabu Meno ya Watoto

Ndugu na marafiki, mbele ya kumupeleka mama yetu kaburini, jamaa inaomba masikio yenu kidogo.

Emérence Kanyere alizaliwa Alimbongo, territoire, yaani wilaya, ya Lubero, tarehe 14 Machi 1979, binti wa muzee Jacob Kasonia na mama Tamar, wakulima wa viazi. Alipokuwa na miaka nane, jirani mumoja alimung'oa jino kwa koleo, baba yake akimushika kichwa, na tangu siku ile woga ulibaki naye; hata alipokuwa mutu muzima, mulango ukipigwa kwa nguvu alishtuka.

Alisoma shule ya musingi kwao, akaja Butembo kusomea uuguzi, akapata diplome mwaka wa 2001, akaanza kazi katika kituo cha afya upande wa meno, akisema kwamba mutu anayeogopa koleo ndiye atakayelishika polepole.

Tarehe 6 Agosti 2005 alifunga ndoa na Onésime Syauswa, muuzaji wa maharagi, na Mungu akawapa Malachie, Bénite na Joyeuse, ambaye shule yake ilikatika Desemba 2024 vita ilipofika Alimbongo, alikokuwa anakaa kwa mama Tamar.

Tangu mwaka wa 2022 Mama Emérence alitumwa kupima kuoza kwa meno katika shule za musingi za Butembo na Beni, kinywa kwa kinywa, meno mazima, yaliyotoboka, yaliyong'olewa. Watoto walimukimbia, kwani tangu Ebola mutu mwenye gants mikononi na masque kinywani aliwatisha, basi akazoea kuketi kwanza kwenye banc ya wanafunzi na kufungua kinywa chake wamuhesabie yeye, nao wakaona pengo wakapiga kelele: “Mama Pengo, jino yako ilienda wapi?”, naye akajibu kwamba lilikimbia vita.

Tarehe 11 Februari 2025, katika shule moja upande wa Mavivi, bunduki zikalia karibu, mwalimu akafunga mulango, watoto wa mwaka wa tatu wakaanza kulia, na Mama Emérence akajua kwamba kilio kikisikika inje wote watakufa. Aliwalaza chini ya bancs wawili wawili, akawaonyesha kwa vidole wahesabiane meno, kinywa wazi, bila sauti, wakimaliza waanze upya. Nyayo zilipita kando ya ukuta, mutu akatikisa mulango, kisha nyayo zikaendelea, na ndani hakuna aliyelia, maana kila mutoto alikuwa na kidole cha mwenzake kinywani.

Tangu hapo tension yake, presha ya damu, ilipanda, usingizi ukamutoroka, kila jioni akajaribu mulango wa nyumba mara mbili kama umefungwa, na jamaa ikamusihi asirudi kumaliza darasa lile. Akasema anaogopa kuliko sisi sote, lakini hataki watoto wale wamukumbuke pamoja na bunduki. Tarehe 20 Mei alirudi, akawakuta kwenye mustari, vinywa wazi, hata kioo chake cha kupimia meno hajakitoa.

Tarehe 2 Juni alianguka nyumbani, mushipa wa kichwa ukapasuka, na kesho yake alituacha hospitalini, akiwa na miaka 46.

Jamaa inawashukuru waganga waliomuhangaikia, majirani waliolala nasi matangani, wafanyakazi wenzake, na watoto wa Mavivi waliofika leo na mwalimu wao. Tunaomba ibada isikawie, ili wafike kwao jua lingali juu, maana barabara ni ile ile zilikolilia bunduki.

Mama Emérence, mulango uliokuwa unaujaribu mara mbili kila jioni tutaufunga sisi. Wewe pumzika kwa amani.