Wadii Bushra, Tuliyeingia Naye kwa Kila Daktari

Ndugu yetu Wadii Bushra alizaliwa hapa Minya tarehe 14 Machi 1979, kifungua mimba wa marehemu Bushra Ghattas na Mama Tafida. Mimi ni dada yake, Nevini. Mniwie radhi, hata sasa siamini ninachokisoma.

Alisoma shule ya watawa, akapata diploma ya biashara mwaka 1998, kisha akarithi duka la baba la vitamu vya basbusa na kunafa. Mwaka 2006 alimwoa Amani. Walikuwa chanda na pete, ingawa walibishana kuhusu sukari mpaka wateja wakaamua ugomvi.

Ugonjwa ulianza 2011. Vidonda vya mdomoni vilimzuia kuonja shira yake mwenyewe, ikabidi Amani amwonjee.

"Leo umetia chumvi," Amani alimtania.

"Basi kula, ufunge mdomo."

Sisi tulisingizia maharagwe ya Kwaresima. Daktari wa meno akatibu mdomo, wa macho akatibu jicho, wa ngozi akatibu vinundu vya miguuni, na hakuna aliyeuliza ya mwenzake. Hata Kairo tulifika. Kote huko tuliingia naye sote, mama, mjomba, Amani na mimi, kwa kuwa kwetu mgonjwa haachwi peke yake. Tulimjibia kabla hajafumbua kinywa. Jicho la kushoto likapofuka.

Mwaka 2019 tuliambiwa kuhusu Daktari Inas, bingwa wa magonjwa ya kinga ya mwili inayomshambulia mwenye mwili. Kumbe alikuwa hapa hapa mjini, mtaa wa pili kutoka dukani. Alitutazama tulivyojaa chumbani.

"Naomba mtupishe, mama."

"Nimzae mimi, halafu anifiche nini?"

"Hicho hicho usichokijua."

Tulitoka tumenuna. Ndipo Wadii akataja vidonda vya sehemu za siri, ambavyo kwa miaka minane hakuweza kuvitamka mbele ya mama yake. Daktari akaunganisha yote, akaona ugonjwa mmoja, Behseti. Wadii mwenyewe aliniambia, "Useme, Nevini, asije mwingine akapofuka kwa kuona haya." Nimesema.

Dawa zilimkubali. Jicho la kulia lilinusurika, akarudi kuonja shira yake. Daktari alituonya kwamba ugonjwa huu hula mishipa ya damu, lakini tulimwona mzima, tukasahau. Jana, Jumanne tarehe 16 Mei 2023, akifungua duka asubuhi, alikohoa damu. Mshipa wa pafu ulikuwa umepasuka.

Hospitalini tulijipanga nje ya mlango bila kuambiwa, tulikwisha kufunzwa. Daktari Inas akatoka, akamshika mama mkono.

"Leo ingieni wote," alisema.

Ameacha mama yake, mjane wake Amani, binti zake Maria na Yustina, mjomba wetu Fayezi, na mimi.

Lala kwa amani ya Bwana, Wadii. Tunatoka sasa, tunakuacha upumzike.